Aibu Ni ya Nani?

Hakuna taifa duniani lisilo na sheria juu ya mambo ya mwili. Wazee wetu Wakusu walikuwa nazo kabla ya kufika kwa Waarabu na Wazungu. Waislamu, ambao dini yao ililetwa Maniema na misafara ya wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, wanazo za kwao. Nasi Wakristo tunazo zetu. Hapa Kibombo watu hao wote wanakaa pamoja kando ya njia ya reli itokayo Kindu kwenda Kongolo, wanauziana vyakula sokoni, tena wanaoana. Kwa hiyo kila siku twaona kwamba jambo liitwalo heshima katika nyumba moja huitwa dhambi katika nyumba ya pili. Mtu mwenye wake watatu ni mzee wa sifa mbele ya hawa. Mbele ya wale hawezi kupokea Komunyo.

Wako vijana waliosoma ambao, wakiyaona hayo, husema: “Basi, sheria hizi zote ni mazoea tu, kila mtu na afanye apendavyo.” Sisi hatukubali neno hilo, maana nyumba isiyo na mlango huingiliwa na kila mnyama. Lakini vilevile hatukubali neno la wale wasemao kwamba kila hukumu ya wakubwa ni ya haki kwa sababu ni ya zamani. Hukumu yo yote yafaa iulizwe swali moja: aibu yamwangukia nani? Ni yule aliyetenda ubaya, au ni yule aliyetendewa?

Tutoe mfano wa kwanza katika mji wa Usumbura, ambao leo waitwa Bujumbura. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, mwanamke mzima asiye na mume alitozwa kodi yake mwenyewe. Tena mwaka 1950 ikatolewa amri juu ya Kongo ya kukataza ndoa mpya za wake wengi tangu tarehe 1 Januari 1951. Wakubwa wa serkali walisema wanalinda tabia njema ya miji. Lakini tazameni yaliyotokea Usumbura katika mtaa wa Buyenzi, walikokaa Waswahili Waislamu. Mjane mzee, mwanamke aliyeachwa na mumewe, mke wa pili aliyeolewa kwa sheria ya dini yake, wote waliandikwa kwa jina moja pamoja na malaya: “wanawake ambao katika maandishi huishi peke yao”. Katika miaka ya 1950 wanawake wale waliinuka wakaikataa kodi ile. Hawakulilia fedha tu, walililia jina. Mwanamke aliyeswali na kufunga tangu utoto wake hakuweza kuvumilia kuandikwa kahaba na karani wa kodi.

Kanisa lafundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, nasi twalishika fundisho hilo bila kusitasita. Lakini kumfundisha mtu ni kazi moja, na kumbandika jina la aibu asilostahili ni kazi nyingine. Injili haikutupa ruhusa ya kufanya hiyo ya pili.

Mfano wa pili ni wa kipimo cha namna mbili. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987, iliandika hivi juu ya uzinzi: mke akilala na mtu asiye mume wake, ana kosa, bali mume akifanya vile vile, ana kosa iwapo tu alitenda kwa namna ya kumtukana mkewe vikali. Dhambi ni moja, mizani ni mbili. Desturi nyingi za kwetu nazo zilipima hivyo hivyo: uzinzi ulikuwa deni baina ya wanaume wawili, mwenye mke akalipwa mbuzi au fedha, na mwanamke mwenyewe hakuulizwa neno. Na katika Injili ya Yoane, sura ya 8, walimleta mbele ya Bwana Yesu mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi. Je, mwanamume wake alikuwa wapi? Mtu hazini peke yake. Hata hivyo, wale waliomshitaki hawakumleta ila mmoja tu.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe, ambalo wazazi wengi wanalijua na wachache wanalitaja. Katika vita ya 1998 hadi 2003 wanawake na wasichana wa Maniema walishikwa kwa nguvu na watu wenye silaha, njiani, mashambani na ndani ya nyumba zao. Vita ile ilipita, lakini ubaya ule haukuondoka pamoja na bunduki. Siku hizi mtendaji aweza kuwa jirani, mwenye duka, mwalimu, au hata ndugu wa jamaa.

Sikilizeni jinsi tunavyosema juu ya msichana aliyepatwa na hayo. Twasema “amenajisiwa”, maana yake amekuwa najisi. Twasema “ameharibiwa”, kana kwamba ni chombo kilichovunjika. Mtoto akizaliwa twamwita mwanaharamu. Mtu akiibiwa mbuzi hatusemi kwamba yeye ndiye mwizi. Bali msichana akiibiwa amani ya mwili wake, lugha yetu yamvika yeye uchafu wa mwizi. Afadhali tuseme “alibakwa”, maana neno hilo lamtaja mshambulizi na nguvu yake. Wako hata wamtupiao mithali: “Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.” Enyi wazee, msichana aliyekwenda kuteka maji hakujidunga mwiba.

Baada ya maneno huja matendo. Wakubwa wa jamaa mbili hukaa kimya kimya, hupatana mbuzi kadhaa na kiasi cha fedha, na mambo yakaisha bila msichana kuulizwa. Pengine huambiwa aolewe na mtu yule yule aliyembaka, ili aibu ifunikwe. Aibu ya nani? Ya jamaa, wasema. Basi mtoto hutolewa kuwa kifuniko cha chungu. Na mke aliyebakwa mara nyingi hufukuzwa na mumewe, huyo mume aliyeapa mbele ya altare kumshika katika raha na katika taabu. Hatujui taabu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Ikiwa kiapo hakifai siku ile, kitafaa siku gani?

Kanisa limelijibu jambo hili tangu zamani sana, tena kwa kinywa cha Mwafrika. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, wakawabaka wanawake Wakristo, na hata mabikira waliowekwa wakfu kwa Mungu. Wapagani wakawacheka. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, akajibu katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu kwamba usafi ni fadhila ya roho na wakaa katika nia ya mtu. Mwili ukitendewa kwa nguvu, nia isipokubali, usafi haukupotea, na dhambi yote ni ya mtendaji. Hayo yaliandikwa yapata miaka 1600 iliyopita. Mkristo amwitaye dada yake najisi hajafika bado kwenye fundisho hilo.

Pengine mtu atasema: “Lakini Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alikubali kufa kuliko kushikwa.” Ni kweli. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa mkubwa mmoja wa waasi, na Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Twamheshimu kwa moyo wote. Lakini taji la shahidi si fimbo ya kuwapigia walio hai. Msichana aliyefungwa mikono na watu watatu hakukosa imani kwa kuwa alibaki hai. Mungu amshukuriwe kwamba yu hai.

Serkali nayo imeandika. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yamhukumu mbakaji miaka 5 mpaka 20 gerezani, pamoja na faini. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 alikubali. Mtu amwozaye mtoto wake kwa nguvu ana kosa pia. Na sheria nyingine ya siku ile ile yasema kwamba faini iliyolipwa kwa polisi au kwa mwendesha mashitaka haifuti kesi ya namna hii. Basi, ikiwa fedha iliyolipwa mbele ya ofisa haiizimi kesi, sembuse mbuzi waliopokelewa nyuma ya nyumba?

Kwa hiyo twawaomba wazazi mambo machache. Mtoto akija na habari hiyo, msimpige wala msimwulize alikuwa amevaa nini. Mwambieni kwanza: “Kosa si lako.” Mpelekeni hospitali au kituo cha afya siku ile ile, na nguo alizovaa msizifue, maana zaweza kuwa ushuhuda. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi yafaa tu ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Siku tatu za majadiliano ya wazee zaweza kumgharimu mtoto uhai wake. Kisha pelekeni shitaka kwa wenye amri, wala msipokee mbuzi.

Ninyi akina baba, mke aliyebakwa na arudi mahali pake mezani na kitandani kwa heshima yake yote. Ninyi akina mama wakwe, msimtenge wala msimsimange. Mtoto akizaliwa, abatizwe kwa jina zuri, asiitwe kwa jina la vita.

Nanyi machefu na wakubwa wa jumuiya, msichana akiletwa mbele yenu, tazameni pande zote za baraza. Ikiwa yeye amesimama katikati peke yake, na mwanamume aliyemtenda ameketi miongoni mwenu akinywa kahawa, ahirisheni hukumu yenu, mkamsimamishe kwanza yule anayestahili kusimama.