Shahada ya Kifaransa Itatulisha Nini?

Kila nitajapo masomo ya uzamili katika fasihi ya Kifaransa au Kiitaliano hapa Obunga, huulizwa kama yatasonga ugali. Swali si la kipuuzi, hasa likitoka kwa mama anayekaanga mgongo wazi tangu alfajiri ili apate karo.

Lakini mgongo huo wenyewe una jibu. Minofu ya mbuta hukatwa viwandani ikapelekwa ng'ambo, nasi tukabakiwa na mifupa. Kwanza Italia na Uhispania zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya salmonela; mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kwa hofu ya sumu. Kiwanda kisipokata minofu, Obunga haina cha kukaanga. Ni wangapi kandokando ya ziwa hili wangeweza kuusoma uamuzi wa Roma kwa lugha ya Roma?

Naam, Malindi vijana wengi huzungumza Kiitaliano walichookota ufukweni bila mwalimu. Hata hivyo, lugha ya kumwuzia mtalii kinyago haitoshi kubishania mkataba, sembuse kumfasiri Dante.

Wenzetu wamejitahidi. Chuo cha L'Orientale mjini Napoli hufundisha Kiswahili, na aliyekuwa mhadhiri wake, Elena Bertoncini, alitoa mwaka 1989 kitabu kizima juu ya riwaya na tamthilia zetu. Paris nako Kiswahili husomeshwa katika taasisi ya INALCO. Wao hutusoma kwa lugha yetu. Sisi aghalabu huwasoma kwa Kiingereza. Hata Sembène Ousmane, Mwafrika mwenzetu, wengi tulimjua kwa mlango huo huo, ingawa Amandina Lihamba alikwisha kuigeuza hadithi yake kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, mwaka 1980.

Mwaka 2021 viongozi wa Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Nani atafasiri baina ya lugha hizo mbili bila kupitia ya tatu?

Hapa ndipo ninapotofautiana na vyuo vyetu. Tasnifu ya Kifaransa husomwa na watahini wachache, kisha hulala kabatini. Napendekeza kila mwanafunzi wa uzamili atakiwe kufasiri kazi moja kwa Kiswahili, kutoka lugha ya asili, na mtahini mmoja atoke idara ya Kiswahili. Nairobi na Kenyatta zina walimu wa lugha zote mbili. Zinaweza kuanza na wanafunzi watakaosajiliwa muhula ujao.