Kaskazi ikivuma, punguza kasi

Na Zuhura Mrisho

Desemba 2020, Mkenya Peres Jepchirchir alishinda marathoni ya Valencia kwa saa 2:17:16. Miezi minane baadaye, Agosti 7, 2021, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwa saa 2:27:20. Mbio hizo zilikuwa zimehamishwa kutoka Tokyo hadi Sapporo kwa kuhofia joto, na usiku wa kuamkia mbio ikaamuliwa zianze saa 12 asubuhi badala ya saa 1. Mbio za medali zina hesabu zake, lakini siku ile kila hesabu ilianzia kwenye joto. Bingwa alilijua hilo, akakimbia kwa kadiri ya hali ya hewa.

Sisi je? Kaskazi imeshaanza kuvuma, na wikendi alfajiri naziona klabu zetu za jogging zikivuka Daraja la Tanzanite kwa kasi ileile ya kipupwe. Anayebaki nyuma anaitwa mvivu. Nasema kwa moyo wote: kupunguza kasi wakati wa joto si uvivu, ni sehemu ya mazoezi.

Mwili unaokimbia hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Januari, hewa yenyewe imejaa unyevu. Jasho halikauki. Linatiririka hadi kwenye soksi, fulana inaganda mgongoni, na joto linabaki ndani. Moyo nao unatakiwa kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kasi uliyoimudu Julai huku ukipiga soga, leo inakuacha ukitweta.

Mwili hujifunza, lakini haulazimishwi. Upe siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi. Jasho litaanza kutoka mapema zaidi, majimaji ya damu yataongezeka na mapigo ya moyo yatatulia. Katika siku hizo fupisha njia, toka saa 11 alfajiri, changanya kukimbia na kutembea. Kunywa maji kabla ya kutoka na kila usikiapo kiu. Usijijaze kupita kiasi, kwani maji mengi mno huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.

Viongozi wa klabu wanacho kipimo kizuri kuliko saa ya mkononi: nyimbo. Kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia. Kiitikio kikianza kufifia, wa nyuma wakawa wanafungua midomo bila sauti, ujue kasi imezidi. Punguzeni hapohapo, hata kama mlipanga kufika mbali.

Linaloniumiza zaidi ni wanaokimbia na makoti ya nailoni, au wamejifunga plastiki tumboni ili kukata kitambi. Mafuta hayatoki kwa jasho. Kinachopungua kwenye mizani ni maji, na uzito huo hurudi ukishakunywa. Kuziba ngozi katika unyevu huu ni kuufungia mwili joto ambalo unahangaika kulitoa.

Na mwenzenu akianza kuyumba, kuongea ovyo au kutowatambua, msimwambie ajikaze. Hiyo ni dharura inayoua. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na tafuteni usafiri wa hospitali papo hapo. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

Nawageukia waandaaji wa mbio za hisani. Septemba 2025 huko Tokyo, marathoni ya ubingwa wa dunia iliyompa Alphonce Simbu wetu dhahabu ilisogezwa nusu saa mapema kwa sababu ya joto. Ikiwa mabingwa wa dunia wanahurumiwa hivyo, mama wa miaka 50 anayekimbia kilomita 5 kwa mara ya kwanza anastahili zaidi. Kipindi cha kaskazi, mbio zianze kabla jua halijapanda, na maji yamfikie hata wa mwisho. Mgeni rasmi akichelewa, wakimbiaji waondoke, atawapokea wakirudi. Uhai wa waliolipa ada ni mkubwa kuliko itifaki.