Eti 'Kama Kawa'!

Jumapili iliyopita binti wa mama yangu mdogo, anayesomea uuguzi, alitua geto kwangu na fomu ya maswali 12. "Kaka, nikufanyie mazoezi kidogo."

Fomu yenyewe inaitwa GHQ-12, mtoto wa dodoso refu la maswali 60 alilolitoa daktari David Goldberg wa Uingereza mwaka 1972, kuwachuja wenye msongo wa mawazo. Mfano: siku hizi unakosa usingizi kwa mawazo? Majibu manne: hapana kabisa, si zaidi ya kawaida, zaidi kidogo, zaidi sana.

Mtoto wa mjini mimi, maswali yote nikajibu kama kawa!

Akajumlisha: sifuri. Majibu mawili ya mwanzo hayana alama, mawili ya mwisho moja moja. Nikaanza kuringa. "Subiri," akasema, akarudia kwa hesabu ya 0, 1, 2, 3. Loh, nina 12 kati ya 36!

"Sasa mimi mgonjwa au mzima?"

"Hili chujio tu kaka, siyo cheti cha ugonjwa. Kila hesabu ina mpaka wake, usizichanganye. Kwani hiyo kawaida yako ikoje?"

Hapo nikakwama. Tangu mzee afariki, mwaka wa pili sasa, nalala saa nane usiku, saa kumi na moja macho kodo. Nimeshazoea, ndiyo kawaida yangu.

Kumbe wataalamu walishaushtukia mtego huo. Mwaka 1985 Goodchild na Duncan-Jones walileta hesabu ya tatu: kwenye yale maswali 6 yanayouliza mabaya, hata "si zaidi ya kawaida" inapewa alama, kwa sababu shida ya siku nyingi inajificha humo humo. Sifuri yangu ikageuka 6.

Majibu yale yale, mtu yule yule! Kwa hesabu ya kwanza ningerudi kijiweni kupiga soga, nikijiona fiti.

Jumatatu nilikwenda kumwona daktari. Hakuniuliza alama, aliniuliza habari za mzee. Nikaongea weee, mpaka machozi.

Nawe ukiulizwa, usijibu juu juu. Sema hiyo kawaida yako ikoje na imeanza lini.

Tukutane wiki ijayo, kama kawa... samahani, panapo majaliwa!