Msimuite dogo Hasheem kwa kumsimanga

Uwanja wenyewe hauna jina. Ni vumbi tu, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na jioni vijana wa Tunduma wanapiga chandimu pale huku madereva wakisubiri karatasi zao ziishe kugongwa mihuri. Wiki iliyopita nami nilisimama kuangalia.

Langoni alikuwepo dogo wa miaka kama 15 hivi, amempita kocha wake kwa kichwa kizima. Amewekwa golini kwa sababu ni mrefu, basi. Mipira ya juu anaidaka bila hata kuruka. Ukaja wa chini, dogo akachelewa kuinama, ukapita katikati ya miguu. Uwanja mzima ukalipuka: "Hasheeem!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nikamuuliza jamaa wa pembeni yangu, mwenye jezi ya Yanga, kwa nini wanamuita hivyo. Akanishangaa. "Si yule Hasheem wa Marekani, kaka? Urefu wa bure."

Hapo ndipo ninapogomba.

Najua kesi inayomkabili Hasheem Thabeet, kila kijiwe kinaijua. Juni 2009, kwenye drafti ya NBA, Memphis Grizzlies walimchukua akiwa namba mbili, nyuma ya Blake Griffin tu. Namba tatu akaenda James Harden. Namba saba akaenda Stephen Curry. Ukitaka kuwachekesha watu hapo huna haja ya kuongeza neno. Harden na Curry wamekuwa wafalme, Hasheem kamaliza na mechi 224 na wastani wa pointi 2.2.

Lakini hebu tuisome kesi hiyo kuanzia mwanzo, siyo kuanzia siku ya drafti.

Huyu ni mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa Februari 1987, ambaye mpira wa kikapu aliugusa akiwa na miaka 15. Curry ni mtoto wa Dell Curry, mchezaji wa NBA, kakulia ndani ya viwanja hivyo. Hasheem katika umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza mamia ya mechi, yeye ndiyo kwanza anafundishwa namna ya kuweka miguu. Akaenda Houston kumalizia sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, na huko hakwenda kupiga picha. Msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mechi. Januari 2009 dhidi ya Providence alizuia mitupo 10 katika mechi moja! Akawa beki bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, na timu ikafika nusu fainali ya vyuo vya nchi nzima, ikatolewa na Michigan State.

Miaka saba tangu aguse mpira kwa mara ya kwanza. Kutoka sifuri hadi namba mbili. Nionyesheni mchezaji wetu wa soka aliyepanda kwa kasi hiyo.

Sasa Mbwana Samatta. Sote tulilala macho Februari 2020 alipofunga kwenye mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Machi mosi akafunga tena, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kwenye ligi yenyewe alimaliza na mechi 14 na bao moja hilohilo, akaondoka. Kuna anayemuita Samatta hasara? Hakuna, na akijaribu pale Tunduma atavuka mpaka bila kugonga paspoti. Tunajua alikotoka, tunajua ngazi alizopanda: Simba, TP Mazembe, Genk, ndipo Villa. Soka tunalielewa, kwa hiyo tunamhurumia mwenzetu. Kikapu hatukielewi, tumebaki na kicheko.

Mtu atanibana hapa: mbona Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza kikapu akiwa na miaka hiyohiyo 15, akawa bingwa wa NBA mara mbili? Swali zuri, limenisumbua hata mimi. Jibu langu ni kwamba Olajuwon alikaa chuoni Houston tangu 1980 hadi 1984, na likizo za kiangazi alikuwa anagongana na Moses Malone, mmoja wa masenta wababe wa zama zile, kwenye ukumbi wa mazoezi wa mjini humo. Alikuwa na mkubwa wa kumpiga viwiko na kumfundisha. Hasheem aliondoka chuoni na miaka mitatu tu, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa lake. Mwaka wa nne ungemsaidia. Miguu ilikuwa bado mizito, mwili bado mwembamba, faulo nyingi. Sitamtetea hapo.

Ila Memphis nao! Walikuwa tayari na Marc Gasol kwenye nafasi hiyohiyo. Ni sawa na kumsajili kipa kinda kwa dau kubwa wakati langoni kuna nahodha, halafu ushangae mbona hapati mechi. Februari 2010 wakamshusha ligi ndogo, Dakota Wizards, na mwaka mmoja baadaye wakamtupia Houston Rockets. Akapita Portland, akakaa misimu miwili Oklahoma City akifanya mazoezi kila siku na kina Kevin Durant. Mlango wa NBA ulipofungwa hakurudi kulala. Alicheza Japani, alicheza Taiwan, akiwa ameshavuka miaka 30. Mtu asiye na kitu haajiriwi nchi zote hizo kwa ajili ya kimo.

Na ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wa pili hatujampata, miaka zaidi ya 15 sasa. Kama kuna cha kuchekwa, nadhani ni hicho.

Nirudi kwa dogo wetu. Mechi ilipoisha nilimfuata, nikamuuliza kama anamjua huyo Hasheem anayeitwa kila akifungwa. Akatikisa kichwa. "Shikamoo, hapana. Mi nadhani ni tusi tu." Nikamuuliza kama amewahi kushika mpira wa kikapu. Ameuona kwenye simu ya dereva mmoja.

Kikapu kipo kwenye UMISSETA, kwa hiyo siyo mchezo haramu. Sisi watu wa Songwe tunachangishana nauli kwenda Sokoine Mbeya kuangalia Simba na Yanga, na enzi za Kimondo pale Mbozi tulichangia mpaka chai ya wachezaji. Tunduma ina mafundi wa kuchomelea kila baada ya hatua kumi, wanaunga trela za kwenda Lubumbashi. Ringi ya kikapu ni nondo iliyokunjwa duara la sentimita 45, ikafungwa mita 3.05 kutoka ardhini. Kazi ya asubuhi moja. Nimeshamuuliza fundi mmoja karibu na uwanja ule, amesema nondo anayo, nimletee vipimo na nimwambie nguzo inasimama wapi. Vipimo nimempa. Nguzo natafuta mwalimu mkuu wa kunikubalia, na yule mwenye jezi ya Yanga ameniahidi mfuko wa saruji.