Ushauri wa Bure, Tengeru

Soko la Tengeru hujaa Jumatano na Jumamosi, na siku hizo ushauri wa bure hupatikana kwa wingi kuliko ndizi. Wiki hii bodaboda mmoja alikwama kando ya lami, pikipiki imezima, na kabla hajashuka vizuri wenzake walishatoa hukumu. "Plagi hiyo." "Wapi, safisha kabureta." "Koili imekufa, kaka, nunua nyingine." Mwenye pikipiki alikuwa bado hajaeleza lolote.

Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiziba pancha pembeni, akauliza, "Inakwenda umbali gani ndiyo inazima?"

"Kama kilomita tatu hivi, mzee. Nikiiacha ipumzike, inawaka."

Fundi akafungua mfuniko wa tangi, hewa ikafyonzwa kwa sauti. Kitundu cha kupitishia hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na tope, kwa hiyo petroli ilikuwa haishuki ipasavyo. Akakizibua kwa kipande cha waya, akarudi kwenye pancha yake.

Wale wengine hawakuwa wajinga. Plagi hufa kweli, na kabureta huchafuka. Ila walikuwa wakikisia kwa sauti ya mtu anayejua, na mwenye shida hana namna ya kutofautisha hayo mawili. Angewasikiliza, angekuwa ameshanunua koili.

*

Koili ni hasara ndogo. Kwenye maji, ushauri uliokosewa hukaa mdomoni maisha yote. Usa River, Maji ya Chai na vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru vina maji yenye madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika, huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mswaki hauyaondoi. Hali ikizidi, mifupa nayo huathirika.

Sasa aje shangazi kutoka Dar es Salaam, aone meno ya watoto, aseme kwa upendo wote: "Chemsheni maji, jamani." Kuchemsha huua vijidudu, na penye kipindupindu huo ndio ushauri wenyewe. Floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo kila lita inayobaki huwa nayo zaidi. Wakati huohuo hakuna anayeuliza kuhusu magadi yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive upesi, ingawa magadi mengi ya ukanda huu nayo yana floraidi tele.

Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi majini, na dawa yao inayojulikana zaidi ni makaa ya mifupa: mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa, maji yakapitishwa humo. Mama wa nyumba akiuliza ni mifupa ya mnyama gani, wapo wataalamu wanaotabasamu kana kwamba wamesikia ushirikina. Kwa maoni yangu, hilo ni swali halali kabisa, kwa Mwislamu na kwa yeyote anayechagua kinachoingia kinywani mwake. Jibu ni neno moja, ng'ombe, na halihitaji tabasamu. Linalohitaji maelezo marefu ni jingine: makaa hayo huchoka. Ladha ya maji haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo asiyeambiwa ataendelea kuchota kwenye chujio lililokwisha kazi.

*

Hapo hapo Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano. Mwaka 2015 lilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, naye akawa mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo. Chembe hizo huchaguliwa kulingana na kilichomo kwenye maji ya mahali husika. Yaani unapima kwanza. Ni swali la yule fundi wa pancha, limevaa koti la maabara.

*

Msaada wa kitaalamu una historia yake Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Wakili aliyewasaidia, Earle Seaton, alikuwa mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Sheria aliijua yeye; ardhi na machungu yalikuwa ya Wameru, na aliyesimama kama mlalamikaji alikuwa Japhet. Ardhi haikurudi kwa safari ile. Kitabu chao kuhusu kesi hiyo kilitoka mwaka 1967, jina la Japhet likitangulia na la Seaton likifuata. Wafadhili wanaochora nembo kwenye kila tangi la maji kuanzia Kikatiti hadi Ngaramtoni wangelitazama jalada hilo kidogo.