Usiogope shingo ya gitaa lako la besi

Mchana naandika programu, Jumapili napiga gitaa la besi kanisani. Miezi michache iliyopita nyuzi zilianza kukaa juu, hasa katikati ya shingo, hadi ibada ikiisha vidole vinawaka moto. Nikampelekea fundi mmoja hapa Nairobi. Akateremsha nyuzi pale darajani, akapokea elfu mbili zake. Jumapili iliyofuata, freti za mwisho zikawa zinakwaruza na katikati nyuzi bado ziko mbali!

Kosa halikuwa darajani. Shingo ndiyo iliyopinda. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: unatibu pale dalili inapoonekana, tatizo unaliacha lilale.

Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80. Ndiyo maana ndani yake kuna chuma kirefu, trasi rodi, cha kuizuia isipinde. Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alipewa hataza ya chuma hicho mwaka 1923. Mbao husogea unyevu wa hewa ukibadilika, kwa hiyo chuma kikawekewa nati. Nati ni ya kuzungushwa, jamani, si pambo.

Basi nikafanya mwenyewe. Kwanza tyuni gitaa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja. Sasa uzi umekuwa rula. Tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya 8. Karibu milimita 0.3 inatosha. Langu lilikuwa na 0.8! Nikachukua ufunguo wa Allen, ule wa umbo la L, unaoenea sawasawa kwenye nati. Kulia hunyoosha shingo, kushoto huilegeza. Robo mzunguko tu, kisha tyuni na upime tena. Kesho yake robo nyingine. Nikafika 0.35, ndipo nikarudi darajani kupanga urefu wa nyuzi.

Najua mtaniambia: "Utaivunja!" Hofu hiyo ina msingi. Ukikaza kwa nguvu, nati huharibika au chuma hukatika, na hapo gharama ni kubwa. Lakini kinachovunja ni pupa. Anayepima, akabadilisha kitu kimoja, akapima tena, ana njia ya kurudi alikotoka. Na nati ikigoma, acha. Hapo mwite fundi.

Sina ugomvi na mafundi. Freti zikichakaa nitawapelekea, na nitalipa bila kunung'unika. Ila safari hii nitajua ninacholipia, na nitajua pia kama kazi imefanyika. Elfu mbili zangu za kwanza zilipotea kwa sababu sikujua hata swali la kuuliza.

Gitaa ni lako. Lipime leo jioni, hata kama hutazungusha chochote.