Havikuuawa na Marufuku: Ukweli Kuhusu Viwanda vya Kale vya Bia Marekani

Dai linalorudiwa kuliko yote ni kwamba viwanda vya kale vya bia vilivyotapakaa mikoani Marekani viliuawa na marufuku ya pombe, iliyoanza Januari 1920 na kufutwa Desemba 1933. Takwimu zinalikataa. Mwaka 1873 nchi hiyo ilikuwa na viwanda 4,131. Kufikia 1910 vilikuwa vimebaki takriban 1,500, na marufuku ya taifa zima ilikuwa bado haijaja. Baadhi ya majimbo yalikuwa yamekwisha kujipigia marufuku yenyewe, hilo ni kweli, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa reli. Mabehewa yenye barafu yaliifikisha bia ya Milwaukee na St. Louis katika miji ambayo hapo awali ilikunywa bia ya jirani tu.

Marufuku iliumiza, tena vibaya. Hata hivyo, bia ya asilimia 3.2 iliporuhusiwa tarehe 7 Aprili 1933, haikupita miaka mingi kabla ya viwanda zaidi ya 700 kuwa kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 havikufika hata 100. Katika kipindi chote hicho bia ilikuwa halali kabisa. Kwa hiyo maangamizi makubwa ya viwanda vya mikoani yalitokea wakati sheria inaviruhusu kufanya kazi, na yeyote anayeilaumu marufuku peke yake anawaacha wahusika wengine waondoke bila kuulizwa.

Wahusika hao ni akina nani? Hapo linakuja dai la pili: kwamba makampuni makubwa yaliwanunua wadogo kisha yakawafungia milango. Mambo hayakwenda hivyo. Anheuser-Busch ilinunua kampuni ya bia ya Regal ya Miami mwaka 1958, serikali ikaishtaki, na ikalazimika kuiuza. Mwaka huohuo Pabst iliinunua Blatz. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na uamuzi wa 1966 ukaenda kinyume na Pabst. Wakubwa walipoona njia ya kununua imezibwa, waliendelea kujenga. Anheuser-Busch ilikuwa tayari imefungua kiwanda Newark mwaka 1951, kingine Los Angeles mwaka 1954, na vingine vikafuata. Kampuni yenye viwanda kila pembe ya nchi inalipia tangazo moja la televisheni, na kila anayeliona anaweza kuipata bia hiyo dukani kwake kesho yake. Kampuni ya mji mmoja ikilipia tangazo lilelile, watazamaji wengi wanaishi mahali bia yake haifiki. Ongeza mitambo ya kujaza makopo, ambayo kila kizazi kipya kilikuwa na kasi zaidi na bei kubwa zaidi, na utaona jinsi gharama ya pipa moja ilivyopanda kwa mdogo na kushuka kwa mkubwa. Schaefer na Rheingold za Brooklyn zilizima matangi yao hapo mwaka 1976. Hakuna aliyezivamia. Gharama ndiyo iliyozishinda.

Wapo wanaosema vilivyokufa vilistahili kufa kwa sababu bia yao ilikuwa mbaya. Dai hili linaniudhi, kwa kuwa linawatupia lawama wafanyakazi waliokuwa wakijua kazi yao. Mwaka 1964 watafiti wawili, Allison na Uhl, walichapisha jaribio ambalo wanywaji walipewa bia zisizo na nembo. Kwa ujumla walishindwa kuzitofautisha, hata ile waliyoizoea. Walipooneshwa nembo ndipo mapenzi yao yalipojitokeza. Na mfano mashuhuri kuliko yote wa bia iliyoharibika ulikuwa wa jitu: Schlitz ya Milwaukee, ya pili kwa ukubwa nchini. Katika miaka ya 1970 ilifupisha muda wa uchachushaji ili kuokoa fedha, ikabadilisha kemikali za kuifanya bia ibaki angavu, na chupa zikaanza kuonesha vipande vyeupe vinavyoelea. Ililazimika kurudisha mamilioni ya chupa. Mwaka 1981 kiwanda chake cha Milwaukee kilifungwa, na mwaka uliofuata kampuni ikauzwa kwa Stroh ya Detroit.

Stroh ndiyo inayolivunja dai la nne, lile tamu linalosema kwamba vilivyosalimika vilisalimishwa na mapenzi ya familia. Ilikuwa kampuni ya familia tangu 1850, na familia hiyo iliipenda kazi yake. Lakini ilikopa ili kuimeza Schlitz, kampuni kubwa kuliko yenyewe, na deni hilo halikuiachia nafasi ya kupumua. Kiwanda chake cha Detroit kilifungwa 1985. Mwaka 1999 majina yake yaligawanywa kati ya makampuni ya Pabst na Miller, na historia ya miaka 149 ikaisha.

Linganisha na Yuengling ya Pottsville, Pennsylvania, iliyoanzishwa 1829 na mhamiaji kutoka Württemberg katika mji wa wachimba makaa ya mawe. Wakati wa marufuku familia ya Yuengling ilitengeneza bia isiyolevya na kufungua kiwanda cha aiskrimu ng'ambo ya barabara, ambacho kiliendelea hadi 1985. Mapenzi yalikuwepo, bila shaka. Ila utaratibu wao ni kwamba mtoto harithishwi kampuni bure. Anainunua kwa mzazi. Dick Yuengling aliinunua kwa baba yake mwaka 1985, akairudisha laga ya familia sokoni 1987, akakua kwa hatua za jimbo moja baada ya jingine. Stroh ilipoanguka mwaka 1999, ni yeye aliyenunua kiwanda chake cha Tampa, Florida. Kampuni mbili za familia, damu ya Kijerumani katika zote mbili. Moja ilikopa ili kuwa jitu, nyingine ilisubiri.

Tena serikali ilikuwa na mkono wake, jambo ambalo wasimulizi wa mapenzi ya familia hulipita kimya. Mwaka 1976 ushuru wa bia ulishushwa kutoka dola 9 hadi 7 kwa pipa, kwa mapipa 60,000 ya kwanza, kwa makampuni yasiyozidi mapipa milioni 2 kwa mwaka. Ulipopandishwa hadi dola 18 mwaka 1991, wadogo waliachiwa ile 7. Tofauti hiyo ilikuwa dola 660,000 kwa mwaka kwa aliyefikisha mapipa hayo 60,000. Kwa kiwanda cha mji mdogo, fedha hizo zilikuwa mishahara ya watu wengi.

Dai la tano linasema viwanda hivi vya kale viliokolewa na wimbi la bia za ufundi lililoanza miaka ya 1980. Ukiangalia nani alimsaidia nani, utakuta mambo ni kinyume. Samuel Adams ilianza 1985 bila kiwanda chake. Ilitengenezewa bia kwa mkataba na Pittsburgh Brewing, kampuni iliyoanza 1861. Brooklyn Brewery ilipozaliwa 1988, bia yake ilitoka kwa F.X. Matt ya Utica, iliyokuwa na miaka mia moja. Wazee walikuwa na matangi yasiyojaa na watu wanaoijua kazi, vijana wakaleta majina na wateja. Kila upande ulifaidika, lakini bila matangi ya wazee vijana wale wangeanzia wapi?

Shukrani zilikuwa haba. Mwaka 2012 chama cha Brewers Association kiliiweka August Schell ya New Ulm, Minnesota, inayotengeneza bia tangu 1860, nje ya kundi la watengenezaji wa ufundi, kwa kuwa hutumia mahindi. Lilikuwa kosa la kihistoria. Shayiri ya Kimarekani yenye safu sita za punje ina protini nyingi. Wahamiaji wa Kijerumani wa karne ya 19 waliichanganya na mahindi au mchele ili bia iwe nyepesi na angavu. Walitumia akili juu ya zao lililokuwepo. Schell ililalamika hadharani, na mwaka 2014 chama hicho kikabadilisha masharti yake.

Limebaki dai moja, ambalo kwangu ni hatari kuliko mengine: kwamba jina likiwa bado dukani, kiwanda kimesalimika. Pabst ilifunga kiwanda chake cha Milwaukee mwaka 1996 na kile cha Pearl huko San Antonio mwaka 2001. Ilibaki ikimiliki majina kama Lone Star, Rainier, Olympia na Schlitz, na kwa miaka mingi bia hizo zilitengenezwa kwa mkataba katika viwanda vya wengine. Leinenkugel's ya Chippewa Falls, Wisconsin, iliyoanza 1867, iliuzwa kwa Miller mwaka 1988, na kwa miongo mitatu na zaidi ilitajwa kama mfano wa kiwanda cha kale kilichopata mlezi tajiri na mwema. Januari 2025 mmiliki wake, Molson Coors, alikifunga kiwanda hicho na kuhamishia utengenezaji Milwaukee. Mahali pa kupokelea wageni paliachwa wazi, na fulana zenye jina la mji ziliendelea kuuzwa hapo. Waliokuwa wakitengeneza bia hiyo Chippewa Falls ndio waliopoteza kazi.